Mwanafunzi Aitwaye Kenyatta

Wenzangu, Mzee Jomo Kenyatta twamjua kama rais wa kwanza wa Kenya. Mimi leo nawaletea yule mwanafunzi wa London, miaka ya 1930. Mwalimu wake, Bronislaw Malinowski, alifundisha kuwa kila mila ina kazi yake katika jamii, na mtafiti sharti akaishi na wenyeji ndipo aielewe. Basi Mzee ahamie wapi, naye mwenyewe ni Mkikuyu? Mwaka 1938 akatoa Facing Mount Kenya, Malinowski akaandika utangulizi. Wazungu waliozoea kutueleza, sasa wakaelezwa!

Ila humo alitetea hata tohara ya wasichana, iliyozusha ugomvi mkubwa na wamishonari mwaka 1929. Hapo mimi simfuati. Mila yaweza kuwa na kazi na bado ikamwumiza mtoto. Sheria ya Kenya ya 2011 imeipiga marufuku.