Mbaruku bin Rashid na Mpaka wa Vanga

Nilipokuwa mtoto babu yangu alinichukua kwa jahazi kutoka Wete mpaka Vanga, mji wa Wavumba ulioko mwisho wa pwani ya Kenya. Njia nzima nilikuwa nikingojea kuuona huo mpaka. Nikaona mikoko na matope tu, na karibu kila mwenyeji ana shangazi upande wa pili. Huko ndiko nilikolisikia kwanza jina la Mbaruku bin Rashid wa Gazi.

Wasomaji wa Pemba wajue kwamba mtu huyu si mgeni kwetu. Wazee wake, Mazrui wa Mombasa, walikitawala kisiwa hiki mpaka kilipotwaliwa na Mabusaidi katika miaka ya 1820. Baba yake, Rashid bin Salim, alikuwa liwali wa mwisho wa Kimazrui huko Mombasa. Mwaka 1837 Seyyid Said alimkamata kwa hila, akahamishwa, asirudi tena. Basi Mbaruku hakulelewa kuwapenda Masultani wa Unguja. Aliasi si mara moja wala mbili, na kila akizidiwa hukimbilia Mwele, boma lake la msituni. Wala hakuwa malaika: mashamba yake yalilimwa na watumwa, na hata Vanga ilionja vita vyake.

Mwaka 1886 Waingereza na Wadachi waliigawa nchi, wakaanzia mstari wao kwenye mlango wa Mto Umba, jirani na Vanga. Mbaruku hakuulizwa. Mwaka 1895 uligombewa uliwali wa Takaungu. Waingereza wakamsimamisha wamtakaye, na Mbaruku akampokea jamaa yake aliyenyimwa. Vita vikawaka. Mwele ilivunjwa mwezi wa Agosti, kisha wakaletwa askari kutoka Bara Hindi. Aprili 1896 mzee huyo aliuvuka mstari ule ule pamoja na watu wake zaidi ya elfu, akasalimisha bunduki kwa Gavana Wissmann. Waingereza hawakuweza kumfuata.

Alipewa makao Dar es Salaam. Mwaka huo huo akaletwa huko Seyyid Khalid bin Barghash, aliyekimbia baada ya kasri ya Unguja kupigwa mizinga. Mzee wa Kimazrui na mwana wa Kibusaidi wakaishi mji mmoja, chini ya bendera ya Kidachi, mpaka Mbaruku alipofariki mwaka 1910.