Phoebe Snetsinger: Mama aliyewafuata ndege hadi mauti

MWAKA 1981, madaktari nchini Marekani walimweleza Phoebe Snetsinger kwamba alikuwa na saratani ya ngozi iliyokwisha kusambaa, na kwamba asingemaliza mwaka mmoja. Mama huyo wa watoto wanne, aliyetimiza umri wa miaka 50 mwaka huohuo, hakukubali kulala kitandani kusubiri siku yake. Alichukua darubini yake akaenda Alaska kutazama ndege.

Aliishi miaka mingine 18, na katika miaka hiyo akawa mtu wa kwanza duniani kuona zaidi ya aina 8,000 za ndege.

Snetsinger alizaliwa Juni 9, 1931, katika jimbo la Illinois. Baba yake, Leo Burnett, alikuwa mwanzilishi wa kampuni maarufu ya matangazo ya biashara mjini Chicago. Phoebe alisoma katika Chuo cha Swarthmore, akaolewa na David Snetsinger, mtaalamu wa kilimo, kisha akajikuta mama wa nyumbani ambaye siku zake zilifanana zote.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1965, akiwa Minnesota. Rafiki yake alimpa darubini, akamwonyesha ndege mdogo mwenye koo la rangi ya chungwa linalong'aa kama kaa la moto. Tangu siku hiyo hakuacha tena kuwatafuta ndege, kwanza jirani na nyumbani, baadaye katika kila bara.

Baada ya saratani, safari ziliongezeka. Urithi wa baba yake, aliyefariki mwaka 1971, ulimwezesha kulipia gharama zake. Hata hivyo fedha pekee zisingetosha. Kabla ya kila safari alijifungia na vitabu, akajifunza sura na sauti za ndege aliotarajia kuwakuta. Kila aliyemwona alimwandika katika kadi, pamoja na jamii ndogo alimotoka. Uangalifu huo ulimlipa: wanasayansi walipoamua kuwa aina moja kwa kweli ni mbili, yeye aliongeza hesabu yake bila kutoka nyumbani.

Lakini kila ndege alikuwa na bei yake. Mwaka 1986, huko Papua New Guinea, alivamiwa na kubakwa na kundi la wanaume. Wengi wangetundika darubini ukutani. Yeye aliendelea kusafiri. Saratani nayo ilirudi zaidi ya mara moja, ikatulia tena.

Bei kubwa zaidi ililipwa nyumbani. Snetsinger hakuhudhuria mazishi ya mama yake mzazi wala harusi ya binti yake mmoja, kwa kuwa alikuwa safarini. Ndoa yake nusura ivunjike. Kadiri alivyojiona mtu aliyeongezewa siku, ndivyo ilivyomwia vigumu kuahirisha safari, na waliompenda ndio walioachwa wakimsubiri. Hata hivyo, watoto wake watatu baadaye walifanya kazi ya utafiti wa ndege.

Mwaka 1995, nchini Mexico, alimwona ndege wa 8,000, mmoja wa wale wenye haya wanaojificha katika vinamasi vya mikoko. Wakati huo wataalamu walihesabu aina takriban 10,000 za ndege duniani. Baada ya hapo alipunguza mashindano, lakini safari hakuziacha.

Novemba 1999 alikuwa Madagascar. Huko alifanikiwa kumwona vanga mwenye mabega mekundu, ndege aliyetambuliwa rasmi na sayansi miaka miwili tu kabla, mwaka 1997. Novemba 23, gari alilokuwa akisafiria na wenzake lilipinduka, naye akafariki papo hapo akiwa na umri wa miaka 68. Hesabu yake ilikuwa imekaribia aina 8,400.

Kitabu cha maisha yake kilichapishwa mwaka 2003. Rekodi yake imekwisha kuvunjwa; Mwingereza Tom Gullick alivuka aina 9,000 mwaka 2012. Lakini hao waliofuata walikuta njia imekwisha kufyekwa na mwanamke ambaye ugonjwa uliotabiriwa kumuua haukumuua. Mauti yalimkuta barabarani, safarini kuwafuata ndege.