Frantz Fanon: daktari aliyekihoji kipimo kabla ya kumhukumu mgonjwa

Msomaji, ukimpeleka mwanao hospitali kwa tatizo la akili, huenda akaonyeshwa picha azitungie hadithi, au akapewa maswali ya ndiyo na hapana ili haiba yake ieleweke. Vipimo hivi si kama kipimo cha malaria. Havioni kijidudu, vinatafsiri majibu, na tafsiri inaweza kukosea. Aliyelionyesha hilo Afrika ni Frantz Fanon.

Fanon alizaliwa mwaka 1925 Martinique, kisiwa kilichotawaliwa na Ufaransa. Alipigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akasomea udaktari Lyon, na mwaka 1953 akaanza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida, Algeria.

Enzi hizo baadhi ya madaktari wa kikoloni walidai ubongo wa Mwafrika una upungufu. Hapa jirani, J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya Mathari, Nairobi, alimfananisha Mwafrika mwenye afya na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Fanon alimpinga waziwazi.

Mwaka 1956, yeye na mwenzake Charles Geronimi walieleza matokeo ya kuwapa wagonjwa wanawake wa Kiislamu kipimo cha picha kilichotungwa Marekani. Mgonjwa hutazama picha, kisha husimulia kinachotokea na kitakachofuata. Wanawake wale hawakusimulia. Walitaja vitu kimojakimoja, basi. Daktari mwenye haraka angeandika kwamba hawana ubunifu.

Lakini kipimo hicho kina kadi moja nyeupe, isiyo na picha. Walipopewa hiyo, masimulizi yalitiririka. Ubunifu walikuwa nao. Picha ndizo zilizotoka katika maisha wasiyoyajua.

Mwishoni mwa mwaka huo Fanon alijiuzulu, akajiunga na wapigania uhuru wa Algeria. Alifariki mwaka 1961 kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 36. Kitabu chake kimoja tunacho kwa Kiswahili: Viumbe Waliolaaniwa.

Sisi wa Songea tunajifunza nini? Chukulia mjane wa kijijini anayeulizwa kama huzungumza na watu wasioonekana. Akijibu ndiyo, huenda anazungumzia sala zake, au marehemu mumewe anayemtaja akiwa kaburini. Kwenye karatasi, jibu hilo laweza kuonekana dalili ya ugonjwa.

Kwa hiyo uliza: kipimo hiki kimejaribiwa kwa watu wa lugha na maisha yetu? Mgonjwa ameyaelewa maswali? Kama anaeleza vizuri zaidi kwa Kingoni, Kimatengo au Kiyao, sema. Mweleze daktari jinsi mgonjwa alivyokuwa zamani, kilichobadilika na tangu lini, usingizi wake, kula kwake na kazi zake. Kipimo peke yake hakitoshi kuthibitisha ugonjwa.

Wala usiache dawa kwa sababu una shaka na kipimo. Rudi kwa daktari, muulize.