Adrien Atiman, Mganga wa Karema

Adrien Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu. Angali mtoto mdogo aliibwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa utumwani. Huko Aljeria Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha, wakamlea, naye akabatizwa mwaka 1882. Mkubwa wao, Kardinali Lavigerie, alitaka Waafrika wenyewe waieneze dini. Basi akampeleka kisiwa cha Malta kusomea uganga.

Mwaka 1888 akaja Unguja, akaingia bara kwa miguu pamoja na mapadre. Njia ya misafara, ile ya Tabora, ndiyo iliyowateremsha watumwa pwani miaka mingi. Atiman, aliyeujua utumwa, aliipanda akichukua dawa. Mwaka 1889 akafika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika.

Huko alifundisha dini na kutibu wagonjwa, wala hakuona haya kujifunza dawa za miti kwa wenyeji. Nadhani ndiyo sababu wakamwamini. Akaoa huko huko, na mwanawe Yosefu akapewa upadre mwaka 1923. Kwao Niger hakurudi tena. Alifariki Karema mwaka 1956.