Malkia Anne: Mimba 17 bila mrithi

Malkia Anne wa Uingereza, aliyezaliwa London mwaka 1665, aliolewa mwaka 1683 na George, mwanamfalme wa Denmark. Kufikia mwaka 1700 alikuwa ameshika mimba mara 17. Nyingi ziliharibika, au watoto walizaliwa wakiwa wafu. Mabinti wawili walifariki kwa ndui mwaka 1687, na William, tegemeo la mwisho, alifariki mwaka 1700 akiwa na umri wa miaka 11.

Anne alirithi kiti cha enzi mwaka 1702, na wakati wa utawala wake England na Scotland ziliungana mwaka 1707. Alipofariki mwaka 1714, taji lilikwenda kwa jamaa yake wa Hanover, Ujerumani.

Baadhi ya madaktari wa leo wanashuku kuwa kinga ya mwili wake iliifanya damu igande kupita kiasi na kuziba mishipa ya kondo la nyuma. Maradhi hayo yalielezwa mwaka 1983 na daktari Graham Hughes wa London. Hubainika kwa vipimo vya damu, na wajawazito hutibiwa kwa aspirini kidogo na sindano za heparini.

Mwanamke wa Gitega au Muyinga anayepoteza mimba mara kwa mara hastahili lawama. Ana swali la kumwuliza daktari, ambalo enzi za Anne halikuwa na wa kulijibu.