Julio Antonio Mella: Kijana aliyewaunganisha wanafunzi wa Havana

Mbele ya ngazi ndefu za Chuo Kikuu cha Havana, mji mkuu wa Cuba, upo mnara uliohifadhi majivu ya kijana aliyeuawa akiwa na miaka 25. Ni Julio Antonio Mella. Leo tunaeleza jinsi alivyosaidia kuanzisha chama cha wanafunzi ambacho kipo hadi sasa, na yaliyompata kwa sababu ya msimamo wake.

Mtoto wa fundi cherehani

Mella alizaliwa Havana tarehe 25 Machi 1903. Baba yake alikuwa fundi cherehani kutoka Jamhuri ya Dominika, na babu yake alikuwa mmoja wa mashujaa wa uhuru wa nchi hiyo. Mama yake alikuwa na asili ya Ireland. Wazazi hao hawakuwa wameoana, hivyo mtoto aliandikishwa kwa jina la ukoo wa mama, McPartland.

Mwaka 1921 aliingia chuo kikuu kusoma sheria. Alikuwa kijana mrefu, mwenye nguvu, hodari wa kupiga makasia. Lakini chuo chenyewe kilikuwa na kasoro. Wapo walimu waliopata kazi kwa kujuana, na wapo waliopokea mshahara bila kuingia darasani.

Chama chazaliwa

Mwishoni mwa 1922, mkuu wa Chuo Kikuu cha Buenos Aires alitembelea Havana. Alieleza jinsi wanafunzi wa Córdoba, nchini Argentina, walivyodai mageuzi mwaka 1918 na kuyapata. Maneno hayo yaliwasha moto.

Hadi wakati huo wanafunzi wa Havana walikuwa na vyama vidogo vidogo, kila kitivo na chake. Tarehe 20 Desemba 1922 waliungana na kuunda Shirikisho la Wanafunzi wa Chuo Kikuu, FEU. Mella alikuwa katibu, baadaye akawa rais wake.

Mwezi uliofuata walikalia majengo ya chuo. Walidai walimu wasiofaa waondolewe, chuo kijiendeshe bila kuingiliwa na serikali, na wanafunzi washirikishwe katika maamuzi. Iliundwa tume ya walimu, wahitimu na wanafunzi, na baadhi ya walimu walipoteza kazi.

Mlango kwa wafanyakazi

Wengine wangeridhika hapo. Mella aliona kwamba chama cha kuwatetea wasomi peke yao hakitoshi, wakati wafanyakazi wengi hawakuweza kuingia chuoni. Novemba 1923 yeye na wenzake walifungua Chuo cha Umma cha José Martí, ambako wanafunzi waliwafundisha wafanyakazi.

Hatua hiyo ilimwongezea maadui. Mwaka 1925 alifukuzwa chuoni. Mwaka huohuo alishiriki kuanzisha Chama cha Kikomunisti cha Cuba, naye Gerardo Machado akaingia madarakani kama rais. Mella alikamatwa na kutuhumiwa kuhusika na mlipuko wa bomu. Akiwa gerezani aligoma kula kwa siku 19, hadi maandamano na shinikizo la watu vilipoilazimisha serikali kumwachia kwa dhamana. Chama chake mwenyewe kilimwadhibu kwa mgomo huo, kwa kuwa aliuanza bila idhini.

Risasi mjini Mexico

Mwaka 1926 alikimbilia Mexico, akaendelea kuandika na kuwapanga Wacuba waliokuwa uhamishoni. Usiku wa tarehe 10 Januari 1929 alipigwa risasi barabarani akitembea na mpenzi wake, mpiga picha Tina Modotti, akafariki dunia. Wengi wanaamini wauaji walitumwa na Machado, ingawa wapo wanaonyooshea kidole kwingine.

Machado aliangushwa mwaka 1933. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Havana kilipewa haki ya kujiendesha, dai ambalo Mella na wenzake walilitoa walipoyakalia majengo yake miaka kumi kabla.