William Rainey Harper

William Rainey Harper (New Concord, Ohio, 24 Julai 1856 – Chicago, Illinois, 10 Januari 1906) alikuwa mtaalamu wa lugha za Kisemiti na mwalimu kutoka Marekani. Alikuwa rais wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chicago na mmoja wa waanzilishi wa masomo ya chuo kwa njia ya posta, yaliyotangulia kozi za mtandaoni za leo.

== Maisha ==

Harper alijiunga na Chuo cha Muskingum akiwa na umri wa miaka 10 na kuhitimu akiwa na miaka 14. Mwaka 1875 alipata shahada ya uzamivu huko Yale kabla ya kutimiza miaka 19. Mwaka huohuo alimwoa Ella Paul. Mwaka 1879 alianza kufundisha Kiebrania katika seminari ya Wabaptisti huko Morgan Park, karibu na Chicago.

== Masomo kwa posta ==

Wachungaji wengi walitaka kusoma Biblia kwa Kiebrania lakini hawakuweza kuacha kazi zao. Kwa ajili yao, mwaka 1881 Harper alianzisha kozi ya posta. Somo lilichapwa kwenye karatasi pamoja na maelekezo na maswali. Mwanafunzi alirudisha majibu, nayo yalisahihishwa na kutumwa tena kwake. Harper hakuanza na kanuni za sarufi. Mwanafunzi alisoma kwanza aya za kitabu cha Mwanzo, kisha akazigundua kanuni ndani ya maandishi yenyewe. Kwa njia hiyo, hata aliyesoma peke yake alikuwa na kazi ya kufanya na mwalimu wa kumjibu.

== Chuo Kikuu cha Chicago ==

Kwa msaada wa fedha za John D. Rockefeller, chuo kilifunguliwa mwaka 1892. Tangu mwanzo kilipokea wanawake na kilikuwa na idara ya masomo kwa posta. Hata hivyo, hakikutoa shahada nzima kwa njia hiyo: mwanafunzi alitakiwa pia kuhudhuria madarasa. Mwaka 1901 Harper alisaidia kuanzisha Chuo cha Joliet, Illinois, kinachotoa masomo ya miaka miwili.

== Kifo na urithi ==

Harper alifariki kwa saratani akiwa na umri wa miaka 49. Walimu wanaotunga kozi za mtandaoni bado wanakabili maswali yaleyale: jinsi ya kuligawa somo, kumpa mwanafunzi kazi na kumrudishia masahihisho mapema.